Chuck Schuldiner: Kikosi kilibadilika kila albamu, yeye akabaki

Kama umewahi kuwa kwenye bendi, hata ile ya wanafunzi wanne wanaofanyia mazoezi sebuleni wazazi wakiwa kazini, hii unaijua. Mpiga ngoma anapata kazi, anaanza kukosa mazoezi. Mpiga besi anakosana na mwimbaji kwa sababu ya mia mbili ya matatu. Siku moja unafungua simu unakuta watu wawili wamejitoa kwenye kundi la WhatsApp, na shoo ni Jumamosi. Wengi wetu hapo huwa tunasukuma gitaa chini ya kitanda na kuendelea na maisha.

Leo nikupe stori ya jamaa aliyepitia hayo karibu maisha yake yote ya utu uzima, na gitaa hakuliweka chini. Aliitwa Chuck Schuldiner, Mmarekani, mwanzilishi wa bendi ya metali iliyoitwa Death. Kati ya 1987 na 1998 bendi hiyo ilitoa albamu saba za studio. Chukua hizo saba, soma majina ya wanamuziki waliozirekodi. Hakuna mbili zenye kikosi kimoja. Jina linalorudi kila mara ni lake tu.

Jina la bendi lisikutishe. Najua ukiwasha ngoma zake kwa spika ya nyumbani, mama atagonga mlango aulize kama uko sawa. Gitaa linakwaruza kama msumeno, ngoma kubwa inapigwa kwa miguu yote miwili, na sauti haiimbi, inanguruma. Ni ule mtindo wa metali uliopewa jina la mauti, deth metali, na Chuck ni mmoja wa walioubuni. Hata hivyo, mwenye bendi hii hakuwa mtu wa kuabudu shetani wala wa kupenda vurugu. Alipenda wanyama, alipenda kupika, na alipenda kukaa na jamaa zake Florida.

Charles Michael Schuldiner alizaliwa tarehe 13 Mei 1967 kule Long Island, New York. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu. Mwaka uliofuata familia ikahamia Florida, na huko ndiko alikokulia, kitinda mimba nyuma ya dada yake na kaka yake mkubwa, Frank.

Frank alifariki kwa ajali ya barabarani akiwa na miaka 16. Chuck alikuwa na miaka tisa tu. Wazazi, wakitafuta kitu cha kumshikilia huyu mtoto aliyebaki amenyamaza, wakamnunulia gitaa na kumpeleka kwa mwalimu. Mwalimu akaanza na nyimbo za chekechea. Chuck akachoka haraka, akaacha. Hadithi ingeweza kuishia hapo, na wewe na mimi tusingemjua. Lakini baadaye wazazi walikuta gitaa la umeme kwenye mnada wa vitu vikuukuu, ile watu huanika nje ya nyumba zao na kuuza kwa bei ya kutupa. Wakamnunulia. Kuanzia siku hiyo ikawa vigumu kumtoa chumbani.

Hakurudi tena kwa mwalimu. Alijifunza kwa kusikiliza KISS, Iron Maiden, baadaye Venom na Mercyful Fate, akirudisha kanda nyuma tena na tena hadi vidole viipate. Shule aliiacha kabla ya kumaliza, jambo ambalo alikuja kulijutia akiwa mtu mzima, kwa hivyo usinitaje mimi ukienda kumwambia babako unaacha masomo upige roki.

Mwaka 1983, akiwa na miaka 16, alianzisha bendi na vijana wawili wa hapo kwao viungani mwa Orlando: Rick Rozz kwenye gitaa na Kam Lee kwenye ngoma na sauti. Waliiita Mantas. Hawakuwa na mpiga besi. Mwaka uliofuata wakabadilisha jina, ikawa Death. Walirekodi kwa vifaa duni kabisa, sauti zikitoka kama zimefunikwa na blanketi, wakadurufu kanda na kuzituma kwa posta. Hapo ndipo kulikuwa na mtandao wa kijamii wa enzi hizo: kijana wa Florida anamtumia kanda kijana wa California, huyo anaidurufu na kuituma Ujerumani, ya Ujerumani inafika Brazil. Hakuna lebo, hakuna meneja, bahasha na stempu tu. Kabla Death haijatoa albamu hata moja, jina lake lilikuwa tayari linajulikana nchi ambazo Chuck hajawahi kuziona.

Lakini nyumbani, kikosi kilikuwa kimesambaratika. Rozz akatoka, Lee akatoka. Sasa tazama alivyofanya huyu kijana ambaye hajafika hata miaka 20. Anahamia San Francisco kutafuta wanamuziki, haiendi, anarudi Florida. Mapema 1986 anavuka hadi Toronto, Kanada, kujiunga na bendi ya Slaughter, anakaa wiki chache tu na kugundua kwamba anataka muziki wake mwenyewe, si wa wengine. Anarudi nyumbani. Kisha anafunga mizigo tena kwenda California, na safari hii anakutana na mpiga ngoma mdogo kuliko yeye, Chris Reifert. Wawili hao wakarekodi kanda ya majaribio, lebo ya Combat ikawapa mkataba.

Albamu ya kwanza, Scream Bloody Gore, ilitoka 1987. Ngoma ni Reifert. Gitaa, besi na sauti, vyote Chuck. Ni bendi ya watu wawili. Mashabiki hubishana hadi leo kama hii ndiyo albamu ya kwanza kabisa ya deth metali, au kama heshima hiyo ni ya Possessed na Seven Churches yao ya 1985. Mwenyewe nikisikiliza naona Possessed walifungua mlango, Death wakaingia na kupanga fanicha. Chuck hakupenda kuitwa baba wa mtindo wowote. Alijiona mpiga gitaa wa bendi ya metali, basi.

Baada ya hapo alitaka kurudi Florida. Reifert akabaki California, akaanzisha Autopsy. Kikosi kimekwisha tena.

Kwa albamu ya pili, Leprosy ya 1988, Chuck aliwachukua wanamuziki wa bendi ya Massacre, akiwemo Rick Rozz yuleyule wa mwanzo, pamoja na Bill Andrews kwenye ngoma na Terry Butler kwenye besi. Walirekodi studio ya Morrisound, Tampa, ambayo baada ya muda ikawa kama Makka ya mtindo huu, bendi zikitoka mbali kwenda kurekodi pale. Rozz hakumaliza mwaka 1989. Chuck alikuwa ameanza kutaka gitaa lenye ufundi zaidi, na nafasi ikaenda kwa James Murphy. Na huyo akakaa kwa albamu moja, Spiritual Healing ya 1990.

Hapo kuna jambo jingine lilibadilika. Mashairi ya mwanzo yalikuwa ya mizoga na sinema za kutisha, mambo ya vijana wa miaka 18. Kwenye Spiritual Healing Chuck akaacha mizoga na kuanza kuandika kuhusu watu: mtoto anayezaliwa na mama mraibu wa kokeini, wahubiri wanaouza uponyaji. Mashabiki wengine walilalamika kwamba amelegea. Hakuwasikiliza.

Sitakuficha, Chuck hakuwa mtu rahisi kufanya naye kazi. Alijua anachotaka, na ukishindwa kukifikia, umetoka. Yeye na meneja wake Eric Greif walifukuzana, wakashtakiana, kisha wakarudiana. Kisha likaja tukio la 1990, ambalo likizungumziwa hadi leo, watu wa metali hugawanyika.

Death ilikuwa imepangiwa ziara ya Ulaya pamoja na Kreator wa Ujerumani. Dakika za mwisho Chuck akakataa kwenda. Aliona mipango ya ziara ni mibovu, na alikuwa amechoka kuingizwa kwenye mipango mibovu. Andrews na Butler nao wakaona: tiketi zimeuzwa, watu wanangoja, na sisi pia tuna bili za kulipa. Wakaenda bila yeye. Waliwachukua watu wengine kujaza nafasi, mmoja akashika maikrofoni, wakapanda jukwaani Ulaya kwa jina la Death.

Jiweke hapo kidogo. Uko chumbani Florida. Bendi uliyoianzisha ukiwa na miaka 16, uliyoihamisha kutoka pwani moja ya Amerika hadi nyingine kwa mifuko mitupu, iko jukwaani bara jingine, na mtu usiyemchagua ananguruma maneno yako. Kwa upande mwingine, jiweke kwenye viatu vya hao wawili. Kila mara bosi akighairi, wao ndio wanaokosa pesa. Mimi nikipima, Chuck alikosea kughairi akiwa amechelewa hivyo, na wao walikosea kutumia jina. Alienda kwa mawakili, jina likabaki lake, na wote wawili wakawa nje.

Kilichofuata ndicho kilichofanya Death kuwa Death. Chuck aliamua hatakuwa tena na bendi ya kudumu. Kila albamu angetafuta wanamuziki wanaofaa nyimbo za wakati huo, warekodi, wazuru, kila mtu arudi kwake. Yaani kama kocha wa timu ya taifa: anaita kikosi kwa mechi, si kwa maisha.

Akampigia simu Steve Di Giorgio, mpiga besi wa Sadus, kisha vijana wawili wa bendi ya Cynic kutoka Miami, Paul Masvidal wa gitaa na Sean Reinert wa ngoma. Masvidal na Reinert walikuwa na miaka 20 hivi, na masikio yao yalikuwa yamejaa jazi. Hebu fikiria: watu wa jazi kwenye bendi iliyoanza na nyimbo za mizoga! Human ilitoka Oktoba 1991 na ikawaacha watu midomo wazi. Reinert hakupiga ngoma kwa kasi tu. Aliziweka mahali ambapo hukuzitarajia, mapigo yanavunjika na kuungana, besi inatembea chini yake, na juu ya yote hayo Chuck bado ananguruma. Video ya wimbo mmoja wa albamu hiyo ilichezwa MTV, jambo lisilokuwa la kawaida kwa muziki wa aina hii. Kama utasikiliza albamu moja tu ya Death baada ya kusoma hapa, anza na Human. Weka iafoni, usiweke spika, ili mama apumzike.

Masvidal na Reinert wakarudi Cynic kutengeneza albamu yao wenyewe. Hakuna aliyekasirika, mpango ulikuwa huo tangu mwanzo.

Individual Thought Patterns ya 1993 ilimleta Gene Hoglan kwenye ngoma, mtu mkubwa wa mwili mwenye miguu myepesi ajabu, na Andy LaRocque, mpiga gitaa wa King Diamond, kutoka Uswidi. Di Giorgio alibaki. Mwaka 1995 ikaja Symbolic: Hoglan bado yupo, lakini gitaa la pili na besi ni watu wapya, Bobby Koelble na Kelly Conlon. Wengi huitaja hii kuwa bora kuliko zote, nami siku nyingine hukubaliana nao. Kufikia hapo hata nembo ya bendi ilikuwa imepunguzwa madoido, na ule msalaba uliogeuzwa juu chini wa miaka ya mwanzo ulikuwa umeondolewa. Chuck hakutaka kuchanganywa na mambo ya dini ya mtu yeyote.

Ila koo lilikuwa limechoka. Zaidi ya miaka kumi ya kunguruma, na muziki uliokuwa kichwani mwake sasa ulihitaji mtu anayeimba kwa sauti ya juu, safi, kama wale aliowapenda utotoni. Kwa hivyo akaanza bendi nyingine, Control Denied, ambamo yeye angepiga gitaa tu. Lebo mpya, Nuclear Blast, ilitaka kwanza albamu moja zaidi ya Death, jina ambalo lilikuwa na soko. Akakubali. The Sound of Perseverance ikatoka 1998, kikosi kipya kabisa tena: Shannon Hamm, Scott Clendenin na Richard Christy. Ikawa ya saba na ya mwisho. Albamu ya Control Denied, The Fragile Art of Existence, ilifuata 1999, Tim Aymar akiimba na Di Giorgio akirudi kwenye besi. Hatimaye Chuck alikuwa amesimama kando ya maikrofoni, mahali alipotaka kuwa.

Mapema mwaka huo shingo ilianza kumuuma. Alidhani ni mshipa umebanwa, akatafuta matibabu ya mshipa. Alipopigwa picha za kichwa, kulionekana uvimbe kwenye shina la ubongo, mahali pabaya mno kwa kisu cha daktari. Majibu yalimfikia tarehe 13 Mei 1999. Alikuwa anatimiza miaka 32.

Kwanza alipewa tiba ya mionzi. Januari 2000 alifanyiwa upasuaji New York, na madaktari wakafanikiwa kutoa karibu nusu ya uvimbe. Gharama ilikuwa makumi ya maelfu ya dola, na huyu, ambaye jina lake lilijulikana kutoka Brazil hadi Japani, hakuwa na bima ya afya. Muziki wa aina yake unakupa heshima, haukupi mshahara. Familia ikaanza kuchangisha. Unaijua hali hiyo, si lazima nikueleze: bango lenye picha, namba ya kutuma, jamaa wanapigiana simu usiku. Tofauti ni kwamba waliochanga walikuwa mashabiki wa nchi nyingi, bendi zikifanya matamasha kwa ajili yake, na wanamuziki wakubwa, wakiwemo Korn na Red Hot Chili Peppers, wakitoa vitu vyao vipigwe mnada.

Baada ya upasuaji alichukua bima. Mwaka 2001 uvimbe uliporudi, kampuni ikakataa kulipa kwa sababu ugonjwa ulikuwepo kabla ya kujiandikisha. Upasuaji wa pili ukacheleweshwa kwa sababu ya pesa. Mamake, Jane, yule mwalimu aliyemnunulia gitaa, alitoa taarifa kuwasihi vijana waliokuwa wakisoma habari za mwanawe wachukue bima wakiwa bado wazima. Na kwa jinsi dunia ilivyo na mambo yake, mwaka huohuo James Murphy, mpiga gitaa wa Spiritual Healing, naye akagunduliwa kuwa na uvimbe kichwani. Murphy alipona.

Chuck alifanya kazi muda huo wote. Alikuwa anarekodi albamu ya pili ya Control Denied, akiingia studio siku ambazo mwili ulimruhusu. Mwezi wa mwisho alikuwa akitumia dawa kali za saratani zilizommaliza nguvu, kisha akashikwa na nimonia. Alifariki nyumbani Florida alasiri ya tarehe 13 Desemba 2001. Alikuwa na miaka 34.

Miaka kumi na moja baadaye, 2012, wanamuziki waliowahi kupita Death walianza kukutana jukwaani kwa jina la Death to All, na ziara hiyo ya kwanza ililenga kuchangia Sweet Relief, mfuko unaosaidia wanamuziki wagonjwa. Hoglan alikuwepo, Di Giorgio, Masvidal, Reinert. Watu wa albamu tofauti, wengine hawakuwahi kurekodi pamoja hata wimbo mmoja wakati wa uhai wake, sasa wakiwa kikosi kimoja. Tangu wakati huo Clendenin amefariki, Reinert pia, na Aymar pia. Shoo zimeendelea, na sura jukwaani zinabadilika, kama kawaida ya bendi hii.

Ile albamu ya pili ya Control Denied haijawahi kutoka ikiwa kamili. Ilizungushwa kwa miaka katika kesi za hakimiliki, na sehemu zake zikavuja. Ngoma zimo, na gitaa la Chuck limo. Sauti ya mwimbaji ndiyo haimo, kwa hivyo ukiisikiliza utamsikia akipiga peke yake mbele, na nafasi ya mtu wa kuimba imeachwa wazi.